Nyama Aliyomezeshwa Bibi Yangu

Ko, ko, ko. Mwinjilisti wetu aligonga mfupa kwenye sahani ya bati mara tatu ili uboho uteremke, kisha akauweka mdomoni akaunyonya kwa mlio mrefu, kama mtu anayevuta maji ya mwisho kwenye mpira uliotoboka. Nimesikia sauti nyingi mbaya tangu siku ile. Nimesikia lori likifunga breki Mikumi kwa sababu ya tembo, nimesikia bati la jikoni kwetu likiondoka na upepo. Hakuna iliyokaa sikioni kama ule mnyonyo, maana aliunyonya mfupa ule huku akimtazama bibi yangu machoni, ili bibi apate fundisho.

Tulikuwa Masanze, nyumbani kwa bibi, mama mzaa mama yangu, siku ya ibada ya jumuiya. Watu walijaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Mimi nilikuwa nimetoka Magomeni, ile ya huku kwetu jirani na Masanze, asubuhi kuja kumsaidia kupika, kwa sababu kupika ndiyo kazi ninayoiweza. Shule niliishia kidato cha pili, na hesabu hazikuwahi kunitaka. Ila nipe sufuria na kuni mbichi, nitalisha watu mia na watauliza nani kapika. Nina ndoto ya mgahawa Mikumi, pale mabasi yanapopumzika, wenye mapazia ya rangi ya chungwa na nyama choma ya mbuzi isiyoisha. Naieleza ndoto hii kwa yeyote anayekaa karibu yangu zaidi ya dakika tano.

Sasa nieleze nyama ile ilitoka wapi.

Kwenye ukoo wetu kuna mwanamke mmoja anayeshika unga. Mvua ikichelewa, au ugonjwa ukizidi, wazee huenda makaburini, mwanamke huyo akamwaga unga uliochanganywa na maji na kuwaita marehemu mmoja mmoja kwa majina. Kisha mbuzi huchinjwa, na kila nyumba ya aliyezaliwa au kuolewa kwenye ukoo hupelekewa kipande kibichi kilichofungwa kwenye majani ya mgomba. Nyama hiyo hupikwa bila chumvi. Ukikataa kuipokea, umesema wewe si mtoto wa watu wale.

Aliyeshika unga kwa miaka mingi ni bibi yangu. Mwaka mmoja kabla ya siku ninayoisimulia alimkabidhi mdogo wake kibuyu cha unga, akaja kanisani kwa miguu yake, akabatizwa. Hakuna aliyemburuta. Sijawahi kumwona mtu anapokea meza ya Bwana kama yeye, anashika kile kipande cha mkate kama kifaranga cha siku moja.

Nyama ya ukoo iliendelea kuja kwake, kwa sababu ukoo haukubatizwa. Bibi akatafuta njia yake. Akiletewa, anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru, anauliza hali za watoto. Mleta nyama akiondoka, anampa jirani yake aliyehamia kutoka upande wa ziwa, mama mfugaji ambaye kwake mbuzi ni mbuzi tu. Ukoo haukutukanwa, bibi hakula, jirani alishiba. Mpango huo aliupanga mwanamke asiyejua kusoma, na mpaka leo sijaona wenye vyeti waliopanga bora zaidi.

Siku ile jirani alikuwa ameenda mnadani Tindiga. Nyama ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wa jiko, kwenye majani yake, na mwinjilisti akaiona alipokuja kuomba maji ya kunawa.

Mwinjilisti huyu alikuwa ametoka chuo cha dini, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vya ncha na cheti ambacho amekifunika plastiki kama kadi ya kliniki. Hakuwa mjinga. Ningefurahi kama angekuwa mjinga. Alijua mambo mengi, na kila alipoona mtu anakaribia kumwelewa, alihamia Kigiriki.

"Mama, hii ndiyo ile nyama?" akamuuliza bibi.

"Ndiyo hiyo, baba. Namsubiri jirani."

"Unaiogopa?"

"Siiogopi. Siili tu."

Akacheka, akaita watu waje kuona. Akasema mizimu haipo, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kuingia kwenye paja la mbuzi. Akasema Mkristo aliyekomaa anakula chochote kinachouzwa na kinachogawiwa, akamshukuru Mungu, basi. Akasema anayeogopa nyama bado anaabudu nyama. Kisha akanigeukia mimi. "Binti, washa moto. Tia nyanya, tia vitunguu, tia na chumvi ya kutosha, tuone mizimu itasemaje."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Hapo ndipo ninapopaona pachungu, kwa hiyo napaandika mapema nisije nikapapita. Nilicheka, nikawasha moto, chumvi niliitia kwa mkono wangu huu. Ilipoiva ilikuwa tamu, na nikajisifu.

Sahani ilipofika mbele ya bibi, hakuigusa. Mwinjilisti akamwambia, "Kula, mama, uone kama utaota mkia." Wengine wakapiga makofi kumtia moyo, kama wanavyomtia moyo mtoto anayejifunza kutembea. Bibi aliwatazama. Huyu alikuwa mwinjilisti wake, hawa walikuwa ndugu zake wapya, na nyumba ilikuwa yake, hawezi kuwatia aibu wageni. Akachukua kipande kimoja kidogo, akakimeza bila kukitafuna, kama kidonge. Ndipo mwinjilisti akagonga mfupa wake, ko, ko, ko.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya meza ya Bwana. Bibi alikuja, akakaa benchi la nyuma, na safu yake iliposimama yeye alibaki amekaa. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu hakuja.

Nikaenda kumuuliza. Alikuwa anapepeta mahindi, hakusimama.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, akidai nilikuja kumnyang'anya babu. "Nilipomeza kile kipande, nilimsikia marehemu kaka yangu anashukuru."

"Bibi, uliwaza tu."

"Labda. Lakini alishukuru vizuri. Alivyokuwa anashukuru zamani."

Akaendelea kupepeta. Akasema hawezi kwenda kushika ule mkate wakati upande mwingine kuna mtu anamwambia asante. Akasema pengine yeye hakuumbiwa dini, pengine alijiharakisha, na kwamba mdogo wake ameshatuma salamu kuwa kibuyu bado kipo, akikihitaji. Alisema hivyo kwa utani. Mikono yake haikuwa na utani.

Nilirudi Magomeni na jambo moja tu kichwani, kwamba bibi yangu anaelekea kurudi makaburini, na waliompeleka huko ni watu wa kanisa, na mpishi wao ni mimi.

Ungedhani habari hii ingewashtua. Iliwafurahisha. Mzee wa kanisa mmoja, mwenye duka la pembejeo, alikuwa akimtafutia mwinjilisti kosa tangu alipofika. Mzee huyu huweka kalamu mbili mfukoni mwa shati, na sijawahi kumwona akiandika. Alipopata habari ya nyama, aliipokea kama mtu aliyengojea mzigo stendi, akaufungua kwenye grupu la kanisa la WhatsApp. Akaandika kwa herufi kubwa tupu kwamba tumelishwa machukizo, na kila aliyekula atengwe mpaka atubu. Mwinjilisti akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Mzee akajibu kwa mistari ya Biblia. Mwinjilisti akajibu kwa mistari ileile, akiielekeza upande mwingine. Wanakwaya wakagawanyika, sauti ya kwanza huku, besi kule. Akina mama wa maombi wakaacha kuazimana masufuria. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akituma vikaragosi vya moto kwa pande zote mbili, ilimradi uwake.

Nilisoma yote, kila usiku, kifurushi kikaisha. Katika ujumbe wote ule, wa walioita bibi yangu "mdhaifu wa imani" na wa walioita bibi yangu "mwathirika wa mafundisho potofu," hakuna aliyeandika, "Jamani, nani ameenda Masanze?" Masanze si Ulaya. Bodaboda inafika.

Basi jambo likapelekwa Mikumi, kwa mchungaji kiongozi na wachungaji wenzake. Tulikodi gari aina ya Noah, pande mbili ndani ya gari moja, zikiwa zimegeuziana mabega. Mimi nilichukuliwa kama mpishi. Bibi alichukuliwa kama ushahidi. Walimwambia anakwenda kuombewa, akavaa kitenge chake cha sikukuu.

Kanisa la Mikumi liko karibu na barabara kuu, malori ya kwenda Zambia hayapumziki. Kila lori lilipopita mzungumzaji alisimama na mdomo wazi, akasubiri, kisha akaanza sentensi upya. Mwinjilisti alipenda sana kusimama na mdomo wazi. Nafikiri aliamini ndivyo watu wakubwa wanavyosimama. Mimi nilikuwa nje kwenye mafiga, namenya viazi, dirisha liko juu ya kichwa changu, nasikia kila kitu. Bibi alikuwa ananisaidia kumenya. Walimsahau nje mpaka saa ya nne ya mazungumzo.

"Maganda yako mazito," akaniambia. "Huo mgahawa wako utafunga kabla haujafunguliwa."

"Bibi, humu ndani wanakusema wewe."

"Wananisema mimi? Mbona nasikia Kigiriki?"

Ndipo wakamwita. Niliacha viazi nikasimama mlangoni na kisu mkononi, na hakuna aliyenifukuza.

Bibi aliwaamkia waliomzidi umri, ambao walikuwa wawili tu, na waliobaki wakamwamkia yeye shikamoo kwa haraka, kama watu wanaolipa nauli. Mwinjilisti akaanza.

"Mama, waambie wachungaji. Ile nyama ilikudhuru?"

"Haikunidhuru."

"Uliumwa tumbo?"

"Sikuumwa."

Akawageukia watu na mikono juu kama mpira umeingia golini. Mzee wa kanisa akainuka, akashika kalamu zake bila kuzitoa.

"Mama, ulikula nyama ya mizimu, ndiyo au siyo?"

"Nilikula, baba."

"Nani alikwambia ule?"

"Huyu baba alinikaribisha. Nyumbani kwangu."

Watu wa mzee wakaguna kwa furaha. Bibi alingoja waache, kisha akasema kwa sauti ileile anayonisemesha mimi jikoni.

"Baba zangu, mimi nilikuwa nawaita. Kwa mdomo huu. Huyu baba anasema hawapo, na pengine hawapo, yeye amesoma. Lakini yeye hajawahi kuwaita. Mimi nikiweka ile nyama mdomoni, mdomo unaita wenyewe hata nikiufunga. Sasa nikitoka hapo niende meza ya Bwana na mdomo huohuo, namdanganya nani? Sijaja kumshitaki mtu. Nimeambiwa nitaombewa."

Lori likapita. Nikafikiri, sasa. Sasa mmoja wao atasimama, atamshika mkono, atasema pole, mama, tumekukosea. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa tayari kumsamehe yeyote ambaye angekuwa wa kwanza, hata mwenye kalamu.

"Ndugu zangu," mwinjilisti akasema, lori lilipokwisha kupita. "Hii ndiyo dhamiri dhaifu. Chuoni tuliisoma kwa nadharia. Leo tumeiona mubashara." Akafungua daftari akaandika.

"Na huo ndio ushahidi," mzee wa kanisa akasema. "Ameshasema mwenyewe kuwa mdomo unaita."

Wote wawili walikaa wameridhika. Sijui kama mmewahi kuona watu wawili wanaochukiana wakila mfupa mmoja bila kugombana. Mchungaji kiongozi, mtu aliyechoka, akasema suala ni zito na litaundiwa kamati. Akafunga kwa sala. Kwenye sala aliombea safari yetu, akaombea ujenzi wa choo cha kanisa, akaombea mvua. Bibi alikuwa bado amesimama mbele, hakuna aliyemwambia akae. Nikaenda nikamshika mkono nikamrudisha kwenye viazi.

Saa ya chakula pande zote mbili zilikula pilau langu pamoja, zikacheka pamoja, zikakumbushana mpira. Mwinjilisti alipoleta sahani yake nikamuuliza, "Nikuongezee mfupa?"

"Ongeza, binti. Mungu akubariki na huo mkono."

Hakuelewa. Elimu yote ile, na jambo dogo kama hilo lilimpita juu ya kichwa. Niliwadharau siku ile kwa moyo wangu wote, na mimi si mtu wa kudharau, mimi hulia hata nikiona kuku amekosa njia ya kurudi bandani. Niliwadharau wenye jibu sahihi zaidi ya wenye jibu lisilo sahihi. Maana mwinjilisti alikuwa sahihi. Nimelipindua jambo hili kila upande na nakubali kwamba alikuwa sahihi: nyama ni nyama. Alikuwa na ukweli mkononi, na akautumia kumpiga mama mzima nyumbani kwake, mbele ya wageni wake. Mzee wa kanisa naye alijua kutetea wanyonge kwa sauti ya kutisha, na hakuwahi kumpelekea mnyonge wake hata chumvi.

Bibi alishukia Masanze. Kabla hajafunga mlango wa gari akainama dirishani kwangu.

"Mke mwenzangu, siku ya mavuno msinisubiri."

"Kwa nini?"

"Watakuwa wananitazama sahani."

Alilijua kanisa letu kuliko kamati. Kamati haikukutana hata mara moja, lakini pande mbili zilipatana kuhusu ibada ya mavuno, na nilishangaa jinsi zilivyopatana haraka. Mzee wa kanisa atanunua mbuzi mnadani, mbuzi asiyejulikana na ukoo wowote. Mwinjilisti atamwombea kabla hajachinjwa. Kisha washirika wote watakula nyama hiyo pamoja kuonyesha umoja, na asiyekula ataonekana ndiye mwenye tatizo. Mapatano yao yote yalijengwa juu ya sahani ya bibi, kwa sababu kila mtu alijua kuwa tangu siku ile hagusi nyama ya aina yoyote, ya ukoo wala ya bucha. Kwake zote zilikuwa zimeshachanganyika.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda Masanze. Nilimkuta anafunga magunia.

"Kesho uje," nikasema.

"Nimeshakwambia habari ya sahani."

"Watatazama sahani mbili."

"Ya pili ya nani?"

"Yangu. Sitakula nyama kesho. Na siku yoyote ambayo wewe upo mezani, sili."

Akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Wewe? Wewe uliyelia Krismasi kwa sababu jino limeng'oka na huwezi kutafuna paja? Mtoto aliyeingia na mfupa kwenye shuka?"

"Mimi."

"Na huo mgahawa wa nyama choma?"

"Utakuwa na kisamvu pia."

"Kisamvu," akasema, kama anataja jina la mtu aliyekopa akahama. Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Aliyekutuma ni nani? Yule wa viatu?"

"Sijatumwa, bibi. Ile chumvi niliitia mimi. Na nilicheka."

Akaacha kufunga gunia. Hakuniambia nimesamehewa wala hakuniambia ni kosa. Alinipa fungu kubwa la majani ya muhogo aliyokuwa amechuma asubuhi, akasema ni machanga, yasitwangwe sana. Nilipouliza kama atakuja, akasema tutaona, na kwa bibi yangu tutaona inaweza kuwa lolote.

Jumapili nilifika kanisani Magomeni kabla ya wenzangu wa jikoni. Mafiga ya nyama na ya wali yalikuwa yameshapangwa tangu jana chini ya turubai. Mimi nilikusanya mawe matatu mengine, nikayapanga pembeni, mbali kidogo, ili mchuzi wa nyama usirukie. Nilileta sufuria mpya kutoka nyumbani, ambayo haijawahi kuona nyama, na mwiko wake. Nikatwanga, nikachemsha, nikatia karanga, nikakaa nakikoroga polepole kisamvu changu wakati moshi wa mbuzi wa umoja ukinijia puani. Sitasema uongo. Alinukia vizuri sana.

Wenzangu walipokuja waliuliza hicho ni cha nani. Nikasema ni cha mtu. Wakacheka, wakaendelea na vitunguu vyao. Ibada ikaanza, wakaingia kwenda kuimba, nikabaki peke yangu na meko matatu. Kutoka ndani nilimsikia mwinjilisti akiwakaribisha waliotoka mbali, na sikwenda dirishani kuchungulia kama bibi yuko benchi la nyuma. Nilinawa mikono. Nikachukua sahani mbili, nikaweka wali, nikamwagia kisamvu juu, kijiko kwa kijiko, mpaka zikawa sawa. Kisha nikazifunika kwa kitambaa kimoja.